Watabiri wa mitindo ya tovuti: yupi wa kumsikiliza kabla hujatoa hela

Anayejenga tovuti leo anaijengea miaka mitatu au minne ijayo, kwa sababu wateja wengi hawarudi kwa fundi kabla ya hapo. Ndiyo maana swali la mtindo gani unakuja si la mapambo tu, ni la hela. Na majibu yake yanatoka kwa watu wanaotazama vitu tofauti kabisa, huku kila mmoja akidai anatabiri jambo lilelile. Nimewapanga hapa bega kwa bega: majumba ya maonyesho ya mtandaoni pamoja na orodha za kila Desemba, kampuni kubwa za simu na mifumo yake, ratiba ya vivinjari (programu za kufungulia tovuti, kama Chrome na Safari), sheria, na mwisho simu iliyo mkononi mwa mteja wako. Nimewapima kwa mambo matatu: anaona umbali gani, hupatia mara ngapi, na akikosea wewe unapoteza nini.

Nisifiche upande wangu. Ratiba ya vivinjari na simu ya mteja ndizo ninazoziamini. Wengine wana kazi yao, mradi ujue umewaitia nini.

Majumba ya maonyesho na orodha za Desemba

Awwwards, jukwaa linalozipa tovuti tuzo, ilianza Uhispania mwaka 2009, na majaji wake wanagawa alama hivi: muonekano asilimia 40, urahisi wa kutumia 30, ubunifu 20, maudhui 10. Kasi ya kufunguka haina fungu lake katika alama hizo kuu. Inaguswa kwenye tuzo ya pembeni ya wasanidi. Kwa hiyo tovuti unazozikuta kileleni zimeshindana kwa macho. Dribbble, mahali wabunifu wanapobandika kazi zao, iko mbali zaidi na uhalisia, maana sehemu kubwa ya kazi zake ni picha za tovuti ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua. Hakuna fomu iliyojazwa vibaya, hakuna jina refu lililovunja mstari, hakuna bei yenye sifuri sita. Kila kitu kimekaa sawa kwa sababu hakuna mtu aliyekigusa.

Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 picha hizo zilijaa mtindo uliopewa jina la neumofizimu: vitufe vya rangi ileile ya ukuta, vikiinuliwa kwa kivuli upande mmoja na mwanga upande wa pili, kama vimefinyangwa kwa plastiki laini. Orodha nyingi ziliuweka juu. Ulipofika kwenye kazi za kweli ukakwama, kwa sababu kitufe kisichotofautiana na ukuta hakionekani. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikiwe na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018 unataka mipaka ya vitufe na visanduku ifikie 3 kwa 1. Kitufe cha mtindo ule kilikuwa kinaishi kwa kivuli hafifu tu. Aliyekuwa na mwongozo ule mezani angeweza kutabiri kifo chake siku ya kwanza.

Orodha za Desemba zina udhaifu mwingine: zinachukua habari kubwa ya mwaka unaokwisha na kuiandika kama habari ya mwaka unaoanza. Aprili 2016 Facebook ilifungua Messenger kwa roboti za mazungumzo, tukaambiwa kurasa zitakufa na watu watanunua kwa kuchati na mashine. Oktoba 2021 kampuni hiyo ikajiita Meta, na orodha za 2022 zikajaa vyumba vya pande tatu vya kutembelewa kwa miwani. Rangi nazo ni hivyohivyo. Pantone, kampuni ya viwango vya rangi, ilitangaza Peach Fuzz kuwa rangi ya 2024, Mocha Mousse ya 2025, kisha Cloud Dancer, ambayo ni aina ya nyeupe, kwa 2026. Biashara iliyofuata zote imetoka kwenye pichi ikaenda kwenye kahawia ikarudi kwenye ukuta mweupe, na wateja wake hawajui tena inafananaje.

Sisemi majumba haya hayana faida. Yana faida moja kubwa ambayo haihusiani na utabiri: yanakupa lugha ya kuongea na mteja. Mtu akikwambia anataka tovuti "ya kisasa", mfungulie kazi kumi na umwache aoneshe kwa kidole. Kwa hiyo, umbali wa kuona: mwaka mmoja. Kupatia: hali ya hewa ya jumla ndiyo, jambo mahususi mara chache. Hasara: kubomoa na kujenga upya mapema.

Kampuni kubwa

Hapa inabidi kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa sana, yaani kampuni inapoonesha na kampuni inapoamrisha.

Kuonesha ni kama Juni 2013, Apple ilipoonesha iOS 7, mfumo wa iPhone, na kufuta ngozi, mbao na karatasi za kuigiza zilizokuwa kwenye programu zake. Haikuwa ya kwanza. Microsoft ilikuwa imeshaingia kwenye vigae bapa na Windows Phone mwaka 2010, kisha Windows 8 mwaka 2012. Lakini Apple ilipogeuka, tovuti nazo ziligeuka, na Google ilipotoa Material Design, mwongozo wake wa sura za programu, Juni 2014 mjadala ukaisha. Aliyemtazama Microsoft alijua mapema; aliyemtazama Apple alijua kwa uhakika. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa tuko kwenye zamu ya vioo. Tarehe 9 Juni 2025 Apple ilionesha Liquid Glass, sura yenye vitufe na vidirisha vinavyofanana na kioo, na Septemba ikafika kwenye simu kupitia iOS 26. Malalamiko ya maandishi kutosomeka juu ya kioo yalikuwa mengi, hata toleo la 26.1 likaleta chaguo la kukifanya kioo kiwe kizito zaidi. Wenye kumbukumbu watasema vioo hivi tulishaviona Windows Vista mwaka 2007. Je, vitaenea kwenye tovuti? Kwa sura, nadhani ndiyo, maana kila mwenye iPhone ataviona kila siku na macho yatavizoea. Ila kwenye tovuti kioo kina bei ambayo Apple haikulipii. Ukungu unaobadilika kadiri mtu anavyosogeza ukurasa unakokotolewa upya muda wote na kipande cha michoro cha simu, na simu ya bei ya chini inaanza kukwamakwama. Ukikitaka, kiweke kwenye upau wa juu tu, na chini yake kuwe na rangi kamili itakayobaki kwenye simu isiyoweza.

Kuamrisha ni jambo jingine. Tarehe 21 Aprili 2015 Google ilianza kuzipandisha tovuti zinazofaa kwa simu katika matokeo ya utafutaji kwenye simu. Huo haukuwa utabiri. Mwenye lango alikuwa amebadilisha masharti ya kupita. Amri za namna hii zinatimia, lakini hazidumu lazima. Mwaka huohuo wa 2015 Google ilileta AMP, kurasa zilizokatwa hadi mifupa ili zifunguke haraka, na vyumba vya habari vikaandika tovuti mara mbili ili vipate nafasi ya habari kuu kwenye matokeo. Mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa. Aliyekuwa ameifanya tovuti yake ya kawaida kuwa nyepesi hakupoteza kitu. Aliyejenga tovuti ya pili alibaki na nyumba mbili za kupaka rangi.

Ratiba ya vivinjari

Huyu hana picha nzuri, na ndiyo sababu watu hawamfuatilii. Mimi ndiye ninayemfuatilia kuliko wote.

Tangu mwaka 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na kampuni za Bocoup na Igalia, wana mpango uitwao Interop. Kila mwaka wanakubaliana hadharani ni vipengele gani vifanye kazi sawasawa kwenye vivinjari vyao vyote, kisha maendeleo yanahesabiwa mbele ya macho ya watu. Pembeni yake kuna Baseline, iliyotangazwa 2023: kipengele kikishafika kwenye vivinjari vyote vikuu kinahesabiwa kipya, na kikitimiza miezi 30 tangu hapo kinahesabiwa kimeenea. Ukijua siku kilipofika kwenye kivinjari cha mwisho, tarehe ya kuenea unaipata kwa kujumlisha tu.

Chukua mandhari meusi. Safari ilianza kuiambia tovuti kwamba mtumiaji anapendelea giza mnamo Machi 2019, Firefox ikafuata Mei, Chrome Julai. Septemba mwaka huo iOS 13 na Android 10 zikatoka zikiwa na kitufe cha giza. Ndipo orodha za 2020 zikaandika kwamba giza linakuja. Mtu wa vivinjari alikuwa ameshapata miezi kadhaa ya kujiandaa, bila ramli yoyote.

Sasa turudi kwenye hesabu ya miezi 30. Uwezo wa kipande cha ukurasa kujipanga kwa kufuata upana wa boksi lililokibeba, badala ya upana wa kioo cha simu, ulikamilika Februari 2023 Firefox ilipojiunga. Kwa hiyo umeenea tangu Agosti 2025. Maana yake kadi moja ya bidhaa inajipanga yenyewe ikikaa pembeni na ikikaa katikati, na mbunifu hachori tena ukurasa mzima kwa vipimo vitatu vya vioo. Tangu Ethan Marcotte aandike Mei 2010 kuhusu tovuti zinazojinyumbua kufuata kifaa, sidhani kama kuna badiliko la mpangilio lililo kubwa hivi, na halipo kwenye orodha nyingi za mitindo kwa sababu halipigiki picha.

Katika CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, kiteuzi cha :has(), kinachowezesha boksi la nje kubadilika kutokana na kilicho ndani yake, kilikamilika Desemba 2023. Ongeza miezi 30, unapata Juni 2026. Fomu nyingi zilizokuwa zinahitaji JavaScript, yaani programu ndogo zinazopakuliwa pamoja na ukurasa, ili sanduku ligeuke jekundu au sehemu ya chini ifunguke, zitafanya hivyo kwa CSS peke yake. Mpito laini kati ya hali mbili za ukurasa mmoja ulianza Chrome Machi 2023, ukaingia Safari Septemba 2024 na Firefox Oktoba 2025; huo ni wa kuanza kuutumia sasa kwa tahadhari, maana asiye nao anaona ukurasa ukibadilika kama zamani na hapotezi kitu. Ama michoro inayotembea kadiri mtu anavyosogeza ukurasa, Chrome inayo tangu Julai 2023 na Safari tangu Septemba 2025, ila hadi mwishoni mwa 2025 Firefox ilikuwa haijaiwasha kwa watumiaji wote. Iwe pambo, isiwe nguzo.

Ukiziweka tarehe hizi pamoja unaona zinaelekea upande mmoja: kazi zinahama kutoka JavaScript ya kupakua kwenda ndani ya kivinjari chenyewe. Huo kwangu ndio utabiri mzito kuliko yote, na hakuna mahali umeandikwa kama mtindo.

Kasoro ya mtabiri huyu ni kwamba anajua kinachowezekana, hajui kitakachopendwa. Grid, njia ya CSS ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari, iliingia Firefox, Chrome na Safari ndani ya mwezi mmoja, Machi 2017, ikiwaruhusu watu kupanga ukurasa kama gazeti. Tovuti nyingi zikaendelea na picha kubwa juu na maboksi matatu chini, hadi leo. Umbali wa kuona: miaka miwili hadi mitatu. Kupatia: karibu kila mara, ndani ya mipaka yake. Hasara akikosea: ndogo sana, kwa kuwa kivinjari kisichojua sharti la CSS huliruka tu.

Sheria

Kwa ufupi, kwa sababu hapa hakuna kubishana: sheria ikishapita, tarehe inajulikana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu ilianza kutumika 28 Juni 2025, ikigusa maduka ya mtandaoni, huduma za benki, tiketi za usafiri na vitabu vya kielektroniki. Fundi wa Nairobi au Dar anayechukua kazi za maduka ya Ujerumani au Uholanzi ataulizwa kuhusu tofauti ya rangi, matumizi ya kibodi na maelezo ya picha. Nyumbani, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Hizo zinaamua fomu yako iombe nini na ieleze nini. Mtindo wa kuomba namba ya simu, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa na jinsia ili mtu asome orodha ya bei umeshapitwa, hata kama bado unauona.

Simu ya mteja

Wanne waliotangulia wote wanazungumza kutoka mbali. Huyu yuko karibu, na anaweza kuwakatalia wote.

Simu za Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion, ndizo zimejaa mikononi mwa watu katika soko letu. Nyingi zina kichakataji cha kiasi na kumbukumbu inayojaa haraka. Wapo bado wanaotumia Opera Mini, ambayo katika hali yake ya kubana zaidi inausinya ukurasa kwenye seva kabla haujafika, na JavaScript nyingi haifanyi kazi inavyotarajiwa. Wakati huohuo ukurasa wa wastani duniani umeshapita MB 2. Mtu mwenye bando la siku anaufunga kabla haujamaliza kufunguka, na kwenye takwimu zako anaonekana kama asiyependa bidhaa.

Kinachofurahisha ni kwamba Google sasa inampima mtu huyuhuyu. Tangu 12 Machi 2024 kipimo cha INP kimechukua nafasi ya kile cha zamani, FID: kinaangalia ukurasa unachukua muda gani kuitikia mguso katika ziara nzima, si mguso wa kwanza tu, na kinachohesabiwa kizuri ni milisekunde 200 au pungufu kwa angalau robo tatu ya ziara. Kwenye simu ya bei kubwa JavaScript nzito haionekani. Kwenye itel inaonekana mara moja. Tovuti ya Dar yenye wageni wa itel itapimwa kwa itel zao, si kwa kompyuta ya aliyeijenga.

Kuna na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Siku kama hiyo tovuti iliyohifadhi kurasa zake muhimu kwenye simu, kwa teknolojia ambayo Safari inayo tangu Machi 2018 na Chrome kabla ya hapo, bado inaonesha bei, ramani na namba ya simu. Sijaiona kwenye orodha yoyote ya mitindo.

Na tusisahau malipo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na iliwafundisha watu kwamba kulipa ni kuweka PIN kwenye simu. Ukurasa wa malipo wenye masanduku ya namba ya kadi, uliochorwa vizuri namna gani, unamfukuza mtu huyo. Mpe sehemu moja ya namba ya simu na kidirisha cha PIN kimfikie mwenyewe. Au mpe kitufe cha WhatsApp, maana wauzaji wengi wanamalizia biashara huko, na tovuti inabaki na kazi ya kuonesha mzigo na bei kwa ukweli.

Umbali wa kuona wa huyu ni mfupi, labda mwaka na nusu, kwa kuwa simu zinabadilika. Lakini ukimpuuza, hasara ni mauzo.

Uchague yupi

Kama wewe ni mbunifu anayetafuta kazi za mawakala wa nje, majumba ya maonyesho yanakufaa kweli. Huko unauza jicho lako, na kazi moja ya fujo nzuri kwenye ukurasa wako binafsi inafungua milango. Ila usimpelekee mteja wa mbao na saruji kitu kilekile.

Hoteli na kampuni za safari zina wageni wa aina mbili, mwenye iPhone huko Ulaya na wakala mwenye Tecno mjini Arusha. Hapo ningechukua sura kutoka kampuni kubwa, kwa kiasi, na mifupa kutoka kwenye ratiba ya vivinjari. Sheria ya Ulaya isome kabla ya kuchagua rangi.

Halmashauri, hospitali, shule, chama cha ushirika: simu ya mteja kwanza, vivinjari pili, basi. Mtu anayetafuta namba ya malipo au siku ya kliniki hakuja kuangalia mitindo.

Kuhusu akili mnemba, nimeiacha pembeni kwa makusudi, maana watabiri wote wanaidai kuwa yao. Tangu Mei 2024 Google inaweka muhtasari wa mashine juu ya matokeo kwa watumiaji wa Marekani, kisha ikaeneza kwingine, na wengine wanauliza roboti moja kwa moja. Ninachokiona cha uhakika ni kidogo: maandishi yaliyo ndani ya ukurasa wenyewe yanasomwa na kila mashine, na bei iliyofichwa ndani ya picha au bango la WhatsApp si rahisi kuifikia. Zaidi ya hapo nisingelipia.

Kwa tovuti itakayozinduliwa 2026, basi, hela yangu ningeigawa hivi. Mandhari meusi, ndiyo, kwa mistari michache ya CSS. Vipande vinavyojipanga kwa boksi lao, ndiyo, kuanzia leo. Kiteuzi cha :has(), ndiyo, kuanzia katikati ya mwaka bila wasiwasi. Kurasa za kusomeka bila mtandao, ndiyo kwa huduma, hiari kwa duka. Vioo, upau wa juu tu. Michoro inayofuata kidole, pambo, na izimike kwa aliyeomba mwendo upunguzwe. Vyumba vya pande tatu, hapana. Rangi ya mwaka, labda kwenye kadi ya salamu za Krismasi.